Fadhila ya Sikio

Liko swali moja ambalo wenye hekima wamelizunguka tangu zamani za kale bila kulimaliza, nalo ni hili: watu wawili wasiokuwa na lugha moja wanapofahamiana, ni kitu gani hasa kilichowafahamisha? Wako wasemao kuwa ni ulimi, maadamu yule aliyejifunza maneno ya mwenzake ndiye aliyetaabika. Wako wasemao kuwa ni akili, kwa kuwa binadamu wote wana njaa moja, hofu moja na kifo kimoja, na ajuaye nafsi yake amekwisha kujua nusu ya nafsi ya jirani. Na wako wachache, ambao mimi najihesabu miongoni mwao, waitakidio kuwa fadhila kubwa katika jambo hili ni ya sikio, na kwamba asemaye hutoa sauti tu, ilhali maana hutolewa na yule anayekubali kusikiliza. Swali hili si la maktaba peke yake. Katika nchi ya Meru na nchi ya Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, limekuwa likijibiwa kwa vitendo kwa muda unaozidi miaka 100, na waliolileta mlangoni pa wenyeji ni kaumu ambayo dunia huitaja upesi kila yanapozuka mazungumzo ya kusema lugha za watu wengine, yaani Waitaliano.

Sifa yao yajulikana. Mwitaliano, husemwa, akiwa na maneno ishirini ya lugha ya ugenini hangoji yafike mia mbili ndipo afungue kinywa; huyatoa yote ishirini kwa pamoja, akayasaidia kwa mikono, kwa nyusi, kwa mabega na kwa kicheko, akavuruga nyakati za vitenzi bila kuona haya, na yamalizikapo mazungumzo yeye na mwenzake wamekwisha kujuana majina, idadi ya watoto na maradhi yanayowasumbua. Wala sifa hii si ngano tupu. Mwaka 1832 padre mmoja wa Napoli, Andrea de Jorio, alitoa kitabu kizima cha kueleza ishara za mikono za watu wa mji wake, akizilinganisha na zile zilizochorwa juu ya vyombo vya kale, na wataalamu wa ishara hukirejea kitabu hicho hata leo. Lakini mtu atakaye kuwaeleza Waitaliano waliokuja Meru kwa ishara za Napoli atapotea tangu hatua ya kwanza, kwa sababu wale wa mwanzo, waliokuwa wamisionari, hawakutoka Napoli.

Shirika la Wamisionari wa Consolata lilianzishwa Turin, kaskazini mwa Italia, mwaka 1901, na padre Giuseppe Allamano, ambaye mwenyewe hakupata kukanyaga ardhi ya Afrika hata siku moja, na ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2024. Wanawe wanne wa kwanza, mapadre wawili na mabruda wawili, walifika Tuthu kwa chifu Karuri wa Gakure, katika nchi ya Wakikuyu, mwezi wa Juni 1902. Mwaka 1904 wakakutana Murang'a wakakubaliana juu ya njia za kazi yao, mojawapo ikiwa kuzuru watu majumbani mwao badala ya kuwangoja misheni. Mwaka 1911 wenzao wakaingia Meru. Mwaka 1926 Meru ikawa eneo la kimisioni lenye mkuu wake, mwaka 1953 ikawa dayosisi, na mwaka 1986 Embu ikakatwa kutoka Meru ikawa dayosisi kwa haki yake. Wengi wa hao wa mwanzo walikuwa watu wa Piemonte, wana wa wakulima wa vilima na milima, ambao Waitaliano wa kusini huwahesabu kuwa ni watu wa maneno haba na mikono mitulivu. Basi kama si mikono iliyowasaidia, ni nini?

Hapo ndipo ninapoiona sababu ya kwanza iliyo ya kweli. Italia ilipounganishwa kuwa dola moja mwaka 1861, lugha tuiitayo Kiitaliano ilikuwa lugha ya vitabu na ya watu wachache; mtaalamu Tullio De Mauro alikadiria kuwa walioijua walikuwa kiasi cha watu wawili na nusu katika kila 100, na walioibisha hesabu hiyo hawakuipandisha mbali na mtu mmoja katika kila kumi. Mtoto wa Piemonte aliyezaliwa mwishoni mwa karne ya 19 alilelewa kwa Kipiemonte, akakutana na Kiitaliano shuleni kama mtu akutanavyo na mgeni mwenye cheo, na kama alielekea upadre akafundishwa na Kilatini cha sala na cha vyuo. Kabla hajapanda meli alikuwa amekwisha kuwa mgeni katika lugha zaidi ya mara moja, na alijua kwa tajiriba, si kwa kuambiwa, kuwa mtu aweza kusali kwa lugha moja, kuhesabu mifugo kwa nyingine na kugombana kwa ya tatu, wala asipungukiwe na utu katika yoyote. Msomaji wa Meru hahitaji kufafanuliwa hali hiyo, kwa kuwa ndiyo hali yake: Kimeru nyumbani, Kiswahili sokoni Gakoromone, Kiingereza darasani. Na tena ndani ya hicho kiitwacho Kimeru kwa jina moja, usemi wa Imenti si ule wa Igembe, wa Tigania si ule wa Igoji, na Mtharaka na Mchuka wana usemi wao, sembuse Kiembu na Kimbeere vilivyo ng'ambo ya mto Thuci. Padre aliyehamishwa kutoka misheni moja hadi nyingine alilazimika kuanza tena nusu ya kazi; lakini aliyekulia mahali ambapo kijiji cha ng'ambo ya bonde kina matamshi yake hakuona kuwa hiyo ni kasoro ya wenyeji wala dalili ya ushenzi. Aliona ni desturi ya ulimwengu.

Sababu ya pili ni ndogo, nami naitaja kwa haki yake tu. Irabu za Kimeru na Kiembu ni saba, na za Kiitaliano, ingawa huandikwa tano, ni saba pia vinywani mwa wanaozitofautisha. Na silabi za lugha hizi zote hupenda kuishia kwa irabu. Kwa hiyo mtu wa Turin alipata matamshi ambayo Mwingereza aliyatolea jasho. Walakini lugha hizi zetu zina pia panda shuka za sauti zinazogeuza maana, na katika hilo Mwitaliano hakuwa na hazina yoyote kutoka kwao. Alianguka kama wengine.

Narudi kwenye mikono, kwa kuwa ndiko mambo yalikotatizika. Watu wengi hudhani kuwa ishara za mwili ni lugha ya wanadamu wote, na kwamba maneno yakishindwa mkono hauwezi kushindwa. Si hivyo. Mzee wa Kimeru aliyetaka kumbariki mtoto alimtemea mate kidogo, tendo ambalo Ulaya yote ingelihesabu kuwa ni matusi makubwa. Na katika nchi hiyo hiyo alikuwako mtu mwenye daraja tukufu kupita wote katika mambo ya dini, naye ni Mugwe, ambaye kazi yake ilikuwa kubariki: kuwabariki vijana watokapo jandoni, na kuzibariki rika ziingiapo katika madaraka ya nchi. Mkono wa Mugwe uliokuwa na baraka, kwa masimulizi ya watu wa Imenti hasa, ulikuwa wa kushoto, nao haukuonyeshwa watu ovyo bali ulifunikwa chini ya vazi, kwa kuwa uwezo uliomo ndani yake haukuwa kitu cha kupungiwa hadharani. Tafakari basi, msomaji: watu wanaosifika ulimwenguni kwa kusema kwa mikono walikuja kukaa kati ya watu ambao mkono wao mtukufu kabisa ni ule usioonekana. Hapo ishara haikuweza kumsaidia mtu. Hapo palitakiwa kukaa kimya, kuuliza, kungoja, na kuuliza tena.

Aliyefanya hivyo, na kazi yake ikabaki, ni Bernardo Bernardi, padre wa Consolata aliyekuwa pia mtaalamu wa elimu ya mila. Kitabu chake juu ya Mugwe kilitolewa mwaka 1959, nacho alikiandika kwa Kiingereza, lugha ya tatu ambayo haikuwa yake wala ya wazee waliomsimulia. Jina la kitabu katika toleo hilo lilimtaja Mugwe kama nabii anayeishiwa nguvu. Kilipochapishwa tena Nairobi mwaka 1989, jina likageuzwa likamtaja kwa baraka zake. Sitaki kuficha kuwa kuna uchungu katika habari hii. Daraja ya Mugwe ilififia kwa sababu nyingi, na mahubiri ya dini mpya, pamoja na ya shirika la Bernardi mwenyewe, yalikuwa miongoni mwa sababu hizo. Aliyekuja kusikiliza alikuwa ndugu wa waliokuja kugeuza. Hata hivyo nasema kwa yakini kuwa mjukuu wa Meru atakaye leo kujua Mugwe alikuwa nani hawezi kukipita kitabu hicho, na kwamba yaliyomo hayakupatikana kwa ufasaha wa padre bali kwa hiari ya wazee, ambao wangaliweza kumfukuza, au kumdanganya, au kumjibu kwa yale anayopenda kuyasikia, nao wakachagua kumweleza.

Jambo hilo hilo nalikuta katika habari ya mtu wa namna nyingine kabisa. Bruda Giuseppe Argese alizaliwa Martina Franca, katika mkoa wa Puglia, kusini mwa Italia, yaani upande ule hasa unaosifiwa kwa makelele na mikono. Alikuja Meru akiwa fundi, si mhubiri. Huko Tuuru palikuwa na kituo cha watoto waliolemazwa na ugonjwa wa polio, na maji yalikuwa haba. Argese akapanda katika msitu wa Nyambene, kwenye ukungu na chemchemi, akayakusanya maji pale Mukululu, na kwa miaka mingi akayashusha kwa mabomba hadi kwa watu wa Igembe na Tigania, mradi uliokuja kunywesha mamia ya maelfu ya watu. Wenyeji walimpa jina la Mukiri, mtu mnyamavu. Mtaro wa bomba hauchimbwi na mtu mmoja, wala bomba halipiti katika shamba la mtu bila idhini yake, na mfereji ukiwekwa hapa badala ya pale kuna ukoo utakaonung'unika. Kazi kama hiyo haiwezekani pasipo maafikiano ya watu wengi sana kwa muda mrefu sana. Mtu aliyeitwa mnyamavu aliyapata maafikiano hayo. Sifa ya taifa lake haikumwelezea hata kidogo.

Na hapa yanipasa kuileta hoja iliyo nzito kuliko zote dhidi ya wale wanaodhani kuwa tabia ya kabila au taifa yatosha kueleza wema wa watu wake. Waitaliano wale wale, wenye irabu zile zile na mikono ile ile, waliivamia Uhabeshi mwaka 1935 wakamwaga juu ya watu wake moshi wa sumu; na huko Somalia, walikotawala, hawakujitaabisha kuwa wanafunzi wa lugha ya wenyeji kwa namna ya mapadre wa Meru, bali walitaka Kiitaliano kiwe lugha ya ofisi na ya shule. Tofauti ni nini? Tofauti ni kwamba huko walikuwa na serikali nyuma yao, na huku Meru hawakuwa nayo. Kenya ilikuwa ya Waingereza. Hapakuwa na mzee wa Kimeru aliyehitaji neno moja la Kiitaliano ili apate cheti, apunguziwe kodi au ashinde kesi. Na Italia ilipoingia vitani mwezi wa Juni 1940, Waitaliano waliokuwako Kenya, wamisionari nao wamo, wakawa raia wa adui, wengi wao wakatiwa kizuizini. Kwa nusu karne lugha yao haikuwa na bei katika soko lolote la nchi ya juu. Ukitaka kuona kinyume chake, shuka Malindi, ambako tangu miaka ya 1960 Waitaliano wamekuja na fedha, kwa kituo cha kurushia vyombo vya angani pale Ngomeni na kwa mahoteli ya pwani. Huko ni vijana wa Kigiriama na wa Kiswahili waliojifunza Kiitaliano, tena kwa ufasaha wa kustaajabisha na bila darasa. Mwenye haja ndiye hufungua sikio, na penye ubwana haja huhamia kwa mnyonge.

Basi nini kilichobaki katika ile sifa tuliyoanza nayo? Kimebaki kitu kimoja, nami nakiona kuwa ni cha dini kabisa. Mtu akubaliye kusema vibaya lugha ya mwenzake amejiweka mikononi mwake. Amempa uwezo wa kumcheka, wa kumsahihisha, wa kumwelewa visivyo, na wa kumdharau. Ameiacha heshima ambayo angebaki nayo kama angenyamaza, au kama angemleta mkalimani. Huko ni kutawakali, si kwa Mungu moja kwa moja bali kwa kiumbe chake, na sijui kama kuna njia nyingine ya kutawakali kwa Mungu isiyopitia hapo. Waitaliano wengi, kwa malezi yao ya lugha nyingi nilizozitaja na kwa desturi yao ya kutoona kosa la ulimi kuwa ni aibu ya nafsi, hulifanya tendo hili kwa wepesi zaidi kuliko mataifa yaliyozoea kusikilizwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sista Irene Stefani, ambaye baadaye watu wa Gikondi huko Nyeri walimwita Nyaatha na ambaye alitangazwa mwenye heri mjini Nyeri mwaka 2015, alihudumu katika hospitali za wapagazi wa kikosi kilichoitwa Kariakoo, huko Kilwa na Dar es Salaam, kati ya watu wa makabila yasiyohesabika waliokufa kwa homa na kuhara. Hakuna msomi ambaye angeweza kujua lugha zote za wodi ile. Walioelewana naye walielewana kwa sababu walikubali kumwelewa.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya pili, chasimulia siku ambayo mitume walinena na watu wa mataifa mengi wakafahamu, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Wafasiri waliuliza zamani kama muujiza huo ulikuwa vinywani mwa wanenaji au masikioni mwa wasikiaji. Gregori wa Nazianzo, mwalimu mkuu wa karne ya 4, alilipima swali hilo akaelekea upande wa ulimi, kwa hoja kwamba kama muujiza ungekuwa masikioni, basi ungekuwa wa wasikiaji kuliko wa wanenaji. Kwa taadhima zote zinazompasa mtu kama yule, mimi nathubutu kusema kuwa hilo hasa ndilo linalonipendeza. Kwa nini wasikiaji wasipewe muujiza wao? Na Waislamu, ambao Kurani yao katika Surat Ar-Rum yahesabu tofauti ya lugha na ya rangi za wanadamu kuwa miongoni mwa ishara za Mungu, nadhani hawatanipinga nikisema kuwa ishara haina faida mpaka apatikane wa kuizingatia.

Wameru na Waembu walikuwa na malezi ya kuzingatia. Barazani pa wazee, na hasa katika Njuri Ncheke, ambayo nyumba yake iko Nchiru huko Tigania, mtu mzima husema mpaka amalize, na anayemjibu huanza kwa kuonyesha kuwa amesikia. Hukumu haitolewi kwa kelele, na mzee asiyejua kusikiliza hawezi kukaa huko kwa muda mrefu. Mgeni mweupe mwenye Kimeru cha kitoto aliingia katika adabu hiyo bila kujua kuwa amebahatika. Hakukatizwa. Alingojewa. Aliposema kitu ambacho kwa sarufi kilikuwa upuuzi, alikuwapo mtu wa kuuliza kwa upole, "Ulitaka kusema hivi?" na kumrudishia neno lake likiwa limenyooshwa. Mtu huyo kwa kawaida alikuwa katekista, au mpishi wa misheni, au kijana aliyesoma shule ya misheni. Yeye ndiye aliyebeba mahubiri ya padre kutoka Kimeru kibovu hadi Kimeru kizuri, Jumapili baada ya Jumapili, mbele ya watu waliojua vema ni nani kati ya hao wawili anayehubiri. Mwaka 1964 padre B. Giorgis alitoa kamusi ya Kimeru iliyochapishwa Meru, akaiita ya majaribio, na kwa unyenyekevu huo nampa heshima yake. Lakini kila neno lililomo lilitoka kinywani mwa mtu, na mtu huyo alikaa na padre, akalirudia neno mara nyingi, akaeleza, akacheka, akarudia tena.

Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu ninaona mambo mawili yakitendeka sasa. La kwanza, watoto wetu wa Meru na Embu wameona haya ya ulimi ambayo babu zao hawakuwa nayo. Tulivikwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama zetu, na ingawa kibao kimeondolewa katika shule nyingi, hofu imebaki, hata kijana hunyamaza mbele ya mgeni asije akakosea Kiingereza, na hunyamaza mbele ya bibi yake asije akakosea Kimeru. La pili, tunaendelea kuisimulia habari ya wamisionari kana kwamba ni habari ya watu waliosema tu. Majina yao yako juu ya malango ya hospitali na shule. Majina ya waliowasikiliza hayako popote.

Kwa hiyo nina ombi kwa watu wa Igoji, Mujwa, Nkubu, Tigania, Chuka na Kyeni, na kwa kila parokia ya kale ya majimbo haya mawili. Wako bado wazee wanaowakumbuka makatekista wa kwanza, au waliosimuliwa habari zao na baba zao. Waendeeni mwaka huu, msingoje maadhimisho ya jubilei. Andikeni jina la mtu, kijiji chake, rika lake, na jina la padre au sista ambaye mtu huyo alimfundisha Kimeru au Kiembu. Nakala moja ikabidhiwe parokia, na ya pili ibaki nyumbani kwa watoto wake.